Chaza Mia Mbili na Ile Namba

Alhamisi, 2 Mei

Nimeteuliwa. Mzee Gam, mkuu wa ushirika wetu wa wavuvi, ametangaza asubuhi kwenye kipaza sauti cha ukumbi, kijiji kizima kikasikia: mpimaji wa chaza mwaka huu ni Pyo Du-sik. Ndiye mimi. Nilikuwa napiga mswaki. Nikameza povu.

Wanawake wachimba chaza walimtaka Bi Tak In-suk. Najua. Mjane wa miaka hamsini na miwili, amerudi kutoka mjini alikokagua vifaa kiwandani miaka ishirini, sasa anajiona yeye ndiye aliyevumbua rula. Lakini mimi na Mzee Gam tulikuwa jeshini pamoja, na mwandiko wangu unajulikana hadi wilayani. Basi anune tu.

Kazi yenyewe hii. Kwenye tope la kaskazini imesimikwa miti mitano ya alama. Nichukue chaza mia mbili kutoka miti yote, bila kuchagua, niwapime kwa kalipa, ile rula yenye taya mbili, halafu nitengeneze jedwali la marudio: wa ukubwa huu wangapi, wa ukubwa ule wangapi. Walio chini ya milimita 32 wakiwa pungufu ya sehemu ya tano, tope linafunguliwa kwa wachimbaji tarehe 15. Wakizidi, linabaki limefungwa hadi mwakani, kama mwaka jana. Jedwali linasomwa Jumatatu ya tarehe 13.

Aliyeleta jedwali la kufunga tope mwaka jana hakusalimiwa hadi kiangazi kikaisha. Mimi nataka unaibu mkuu, na uchaguzi ni mwisho wa mwezi. Mzee Gam hakuahidi kitu, ila alinikonyeza.

Bi In-suk amekuja kujitolea kunishikia kikapu. Nimekataa. Nimemwambia kalipa moja ikiwa na watu wawili hutoa vipimo viwili. Sijui nilimaanisha nini, lakini alikwenda zake.

Ijumaa, 3 Mei

Maji yamekupwa kabla ya adhuhuri. Tope hadi magotini. Mti wa kwanza nimeufikia, buti la kushoto halikufika. Nikapima chaza ishirini nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja. Tisa wako chini ya 32. Tisa kati ya ishirini! Nikawapima upya huku nimelegeza kalipa kidogo. Tisa.

Miti mingine yote iko mbali. Upepo mkali. Mgongo huu nimepewa mmoja tu. Nikarudi.

Ukingoni nikamkuta dada yangu Sun-deok akishona mfuko wake wa wavu. Akachungulia kikapu. Akauliza, kaka, ndio hao tu? Nikamwambia wengine nimeshawapima nikawarudisha, huo ndio utaratibu. Akasema afadhali, maana wakirudishwa mapema hawafi. Kisha akakimbia nyumbani kwake akaniletea buti la shemeji, ambaye hatembei tena tangu kiharusi kimpige. Ni kubwa kwangu, na lina joto ndani. Alikuwa ameliweka karibu na jiko.

Jumamosi, siku inayofuata tarehe 3 Mei

Sitaiandika. Mama alinilea hivyo. Kwetu ile namba na kifo hutamkwa kwa sauti moja, na lifti ya zahanati ya wilaya yenyewe inapanda ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha inaonyesha herufi F. Kama madaktari wanaogopa, mimi ni nani?

Leo nimewapima chaza mia moja na themanini bila kutoka nyumbani. Sakafu inayopashwa moto kwa chini, chai ya shayiri, mgongo umenyooka. Hoja yangu ni kwamba mtu aliyekula chaza miaka hamsini na saba anajua ukubwa wao. Nikaandika 33.7. Nikaandika 35.2. Thelathini za kwanza zilitiririka, halafu zikakauka kabisa. Nikaanza kuazima. Kalenda, kibao cha namba cha trekta la jirani, simu ya duka la kuku wa kukaanga. Nilipokwama niliweka saba, namba ya heri, haimdhuru mtu. Wale tisa wadogo wa jana nimewasahihisha, wamebaki watatu.

Kisha jedwali. Nilitaka madaraja ya milimita mbili mbili, lakini moja lingeanzia kwenye thelathini na ile. Nikaweka ya tatu tatu: 23 hadi 26, 26 hadi 29, 29 hadi 32, 32 hadi 35, 35 hadi 38. Madaraja matano, idadi nzuri. Kuhesabu nimehesabu kwa ile herufi yetu ya mistari mitano: kila chaza mstari mmoja, wakitimia watano herufi imekamilika. Maana ya herufi hiyo ni unyoofu. Nimeandika unyoofu ukurasa mzima na umependeza.

Jumla ikaja 206. Nikarudia, 206. Kumbe chaza wa mpakani, wa 32 kamili, nimewahesabu pande zote mbili, kwenye 29 hadi 32 na tena kwenye 32 hadi 35. Wapo sita. Nimeamua wa mpakani apande juu. Nikafuta sita kule chini, ikawa 200. Wadogo ni 31 tu. Tope linafunguliwa.

Mke wangu Yeon-sil ameuliza mbona nacheka peke yangu.

Jumatatu, 6 Mei

Ni sikukuu, lakini Bi In-suk hajui sikukuu. Kaja mlangoni. Kalisifu kwa mwandiko jedwali langu, aliloliona kwa Mzee Gam, halafu akaomba orodha ghafi, vile vipimo mia mbili kimoja kimoja kama nilivyoviandika matopeni. Akasema jedwali ni sebule, yeye anataka kuona jikoni. Nikamwambia orodha ililowa, inakauka. Akasema atasubiri, akaketi kwenye ngazi yangu. Dakika ishirini! Nimekaa nyuma ya mlango nikipumua kwa zamu.

Alipoondoka nikadhani yamekwisha. Saa nane kipaza sauti kikalia. Mzee Gam anaagiza orodha ghafi ibandikwe ukumbini leo leo, kwa ajili ya uwazi. Uwazi! Neno hilo kafundishwa na nani?

Tatizo ni kwamba orodha yangu ilikuwa safi kama kadi ya harusi. Nikaipeleka bustanini nikaipaka udongo wa tuta la kabichi. Yeon-sil akauliza nafanya nini. Nikasema ni utaratibu. Akasema tangu nipate cheo nimekuwa na taratibu nyingi kuliko posta.

Ukumbini Bi In-suk alikuwa mlangoni, bila shaka. Akaipokea karatasi, akainusa. Akasema ajabu, siku hizi tope la kaskazini linanuka mbolea ya kuku. Wanawake watatu wakacheka. Nikasema ni upepo. Nikajisikia mjinga, nikaenda nyumbani.

Jumatano, 8 Mei

Siku ya wazazi. Wazee wamejaa ukumbini na maua mekundu vifuani, supu inachemka, kila mtu anacheka isipokuwa mimi. Orodha yangu iko ukutani. Bi In-suk hakula. Amesimama mbele yake na daftari, anachora herufi za unyoofu, safu kumi. Madaraja yangu ni matano. Anahesabu nini cha kumi?

Nikapita nyuma yake na bakuli mkononi. Akafunika daftari kwa kiganja. Nikapita tena. Akaniuliza, bila kugeuka, kama nimepotelewa na kijiko. Keki ya mchele ikanikwama kooni, Mzee Gam akanipiga mgongoni hadi ikatoka.

Halafu Sun-deok akanishika mkono. Ana furaha hadi anaona haya. Kashona mfuko mpya, kanoa meno ya reki yote. Kawaambia wenzake wasiwe na wasiwasi, chaza kapimwa mmoja mmoja na kaka yake mwenyewe, tena kapotezea buti humo. Akanisogelea. Akasema mwaka jana tope lilipofungwa alilia, lakini alikubali, kwa sababu chaza wakichimbwa wachanga tope linakufa, miaka mitatu halina kitu, na yeye na shemeji watakula nini miaka mitatu. Ndiyo faida ya kupima, akasema, mtu unajua.

Niliona aibu sana. Nikachukua keki nyingine, nikatafuna polepole, ikapita.

Ijumaa, 10 Mei

Mpango mpya: kumvuta Bi In-suk upande wangu. Nikamkuta anaanika mwani. Nikamwambia mimi nikiwa naibu mkuu, yeye awe msaidizi wa naibu, na ufunguo wa stoo nitampa. Akaendelea kuanika. Kisha akauliza swali moja tu. Bwana Pyo, chaza wako wangapi wanaishia na ile namba? Aliitamka waziwazi, hivi hivi, mchana kweupe. Nikamjibu kwamba chaza haishii na namba, anaishia na ganda. Akasema, "Nenda kaangalie, baba."

Baba! Ananizidi nini huyu?

Nimeangalia. Nina nakala. Chaza mia mbili, tarakimu ya mwisho baada ya nukta, na ile namba haipo. Hata mmoja. Nimepita kwa kidole mara tatu. Nikahesabu saba: hamsini na moja. Nikakaa juu ya pipa la kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha. Safu zake kumi ni tarakimu, sifuri hadi tisa. Amewatengenezea chaza wangu jedwali la marudio la mikia yao.

Saa tisa nikaenda ukumbini na ndoo, nikisingizia kumwagilia maua. Wanawake kumi wanamenya vitunguu saumu. Nikasimama mbele ya orodha, mgongo kwao, kalamu mkononi. Hesabu yangu: moja ni rahisi kuigeuza iwe ile, unaongeza mistari miwili tu. Nikiharibu ishirini, mambo yanakaa sawa.

Mkono ukagoma. Sitanii. Vidole vilikataa kabisa. Nikafumba macho, nikaomba radhi kwa marehemu mama, nikageuza ya kwanza. Shingo ikawa baridi. Ya pili. Ya tatu. Nyuma yangu mtu akauliza, wewe Du-sik, hayo maua unayomwagilia yameota ukutani? Nikaondoka na ndoo ikiwa imejaa vile vile.

Njiani nikakumbuka kwamba orodha niliiandika kwa wino mweusi. Kalamu niliyokuwa nayo ni ya bluu.

Jumapili, 12 Mei

Sijala. Nimewaza kukiri. Nimetembea hadi nyumbani kwa Sun-deok. Mlango ulikuwa wazi, anamwosha shemeji miguu kwenye beseni, anamsimulia jinsi tarehe 15 atakavyoondoka mapema na kurudi na mfuko umejaa. Shemeji anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Sikubisha hodi. Nimerudi nikamwambia Yeon-sil nina homa.

Amenipima. Sina.

Jumatatu, 13 Mei

Ukumbi umejaa hadi mlangoni penye viatu. Mzee Gam akasoma jedwali langu, daraja kwa daraja, kwa sauti ile ya jeshini. Wadogo 31 kati ya 200. Watu wakaanza kupiga makofi. Nikaanza kuinuka, niiname kidogo. Hapo Bi In-suk akanyoosha mkono.

Hakuniita mwongo. Ningependa aniite, ningekasirika. Akabandika karatasi kubwa karibu na ya kwangu: tarakimu sifuri hadi tisa, mbele ya kila moja herufi za unyoofu. Saba ilikuwa na herufi kumi nzima na mstari mmoja. Ile namba ilikuwa na mistari mitatu, na hiyo mitatu kaichora kwa bluu.

Akaeleza kama anawaeleza wageni njia. Ukipima kweli, ile tarakimu ndogo ya mwisho haimjali mtu. Katika chaza mia mbili kila tarakimu huangukia karibu na ishirini: hii kumi na sita, ile ishirini na tatu, hovyo hovyo tu. Kisha akasema kuna jambo jingine. Humu hamna chaza hata mmoja wa milimita thelathini na ile. Wapo wa thelathini na tatu, wapo wa thelathini na tano. Katikati wameruka, kama lifti ya zahanati.

Kisha bibi mmoja kule nyuma akasema, eti chaza wetu wanaogopa kufa kuliko sisi. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Nikacheka nao, nikidhani ndio msaada. Nikajikuta nacheka peke yangu.

Sun-deok alikuwa amesimama. Hakupaza sauti. Akauliza, "Kaka, uliwapima?"

Nilikuwa na majibu mengi. Niliandaa matano usiku kucha. Nikasema ishirini.

Akauliza, na katika hao, wadogo wangapi? Nikasema tisa. Akatikisa kichwa polepole, anapiga hesabu. Akasema basi hawajakua. Akasema kesho kutwa tungeingia na reki tukawamaliza watoto wote, na yeye angekuwa wa kwanza. Akakaa chini. Hakunitazama tena, na hilo ndilo lililoniuma, kuliko kicheko chote.

Mzee Gam, uso mwekundu, akafuta ufunguzi. Wengine wakataka nifukuzwe hapo hapo. Bi In-suk ndiye aliyewazuia, wa ajabu huyu. Akasema mtu mmoja hatoshi kuaminiwa, hata yeye. Tarehe 15 yeye apime mia moja, mimi nipime mia moja, miti ile ile mitano, kila mtu peke yake. Majedwali mawili yakifanana, tutajua hali ya tope. Yasipofanana, tutajua hali ya mtu. Wakakubali. Unaibu hautajwi tena, lakini haujafutwa, nimesikiliza kwa makini.

Wakati wa kutoka Sun-deok akanipita, akasimama. Akasema Jumatano atanibebea kikapu, mgongo usinisumbue, tufike hadi mti wa tano. Nikamwambia asante, dada. Nusura nilie. Nimeapa moyoni kwamba nitapima hadi chaza wa mwisho.

Nimeandika pia pembeni, nisisahau: ishirini kila tarakimu. Kwa mia moja, kumi.

Jumatano, 15 Mei

Asubuhi. Maji yamekupwa, tope liko wazi tangu saa tatu. Baridi ya ajabu kwa mwezi huu. Upepo unatoka baharini moja kwa moja hadi kwenye figo.

Sun-deok alibisha mapema, na kikapu, na buti la shemeji amelikausha tena. Nikamwambia atangulie mti wa kwanza, mimi namalizia chai. Akatangulia.

Nimeshika kalamu, nyeusi, nimeihakikisha. Safari hii hakuna makosa. Kosa langu lote lilikuwa kutogawa sawasawa, na leo nagawa. Sifuri kumi. Moja kumi. Mbili kumi. Tatu kumi. Ile namba nimeiandika kumi, naam, kwa kalamu niliyoifunga kwenye kijiti cha kulia chakula, ili isiwe mkono wangu ulioandika. Wa thelathini na ile nimewaweka pia, wa kutosha. Na wadogo nimewaongeza hadi sehemu ya tatu, wasiseme napendelea. Jedwali litakuwa limenyooka hata Bi In-suk atakosa pa kuweka kidole: kumi, kumi, kumi, kutoka juu hadi chini. Udongo nitauchukua kwenye buti za Sun-deok atakaporudi, wa kijivu, wa kweli.

Bi In-suk namwona kwa mbali, ameinama kwenye mti wa tatu. Sun-deok yuko kwenye mti wa kwanza. Kikapu amekining'iniza mkononi, hajakiweka chini, maana tope lingekimeza. Anaangalia njia. Amekaa hivyo karibu saa nzima sasa. Amenipungia mkono, kwa hiyo ameniona dirishani. Nimempungia pia, ishara ya kwamba nakuja, nimevuta pazia.

Zimebaki tarakimu mbili tu, nane na tisa.